REGIDESO Miaka 85: Sherehe Ifike Chemchemini

Tarehe 30 Desemba 2024 REGIDESO, kampuni ya maji ya taifa la Kongo, ilitimiza miaka 85. Ilizaliwa mwaka 1939 chini ya utawala wa Wabelgiji, ikauona uhuru wa 1960, ikapita katika vita na mabadiliko ya serikali. Hadi leo, Mkongomani akitaja maji ya robine, huitaja REGIDESO. Tunaipa hongera kwa moyo mweupe.

Tuna sababu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilikata mabomba na watu wapatao nusu milioni wa Goma na kandokando yake wakakosa maji. Mafundi walishika kazi, bomba kwa bomba, hadi maji ya Ziwa Kivu yakapanda tena mjini. Jamaa zetu wa Masisi waliokimbia vita hadi kambi za Goma wanajua thamani ya bidoni moja iliyojaa.

Lakini sisi wa Masisi na Walikale ni watu wa chanzo. Mvua ya malisho ya Masisi huingia mto Osso, Osso huingia Lowa, na Lowa hupita Walikale kwenda Lualaba. Maji ya milima na misitu hii ndiyo yaliyoosha kasiteriti ya makampuni ya kikoloni, kisha ya SOMINKI iliyoundwa 1976. Ndiyo yanayoosha koltani ya Rubaya leo. Madini huondoka safi kwenda viwanda vya ng'ambo. Tope hubaki kijitoni, na mama anayeishi bondeni huchota hapo hapo.

Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 imeyapa majimbo na serikali za mitaa jukumu la huduma ya maji. Hata hivyo, vijijini maji ya kunywa hutegemea chemchemi zilizojengewa na wanakijiji, makanisa na mashirika ya misaada, na kamati zinazozitunza kwa michango midogo. Kamati hizo zina moyo, ila hazina maabara. REGIDESO inayo, pamoja na ujuzi wa miaka 85 wa kupima na kusafisha maji.

Basi tunaiomba REGIDESO: leteni vipimo kwenye migodi ya Rubaya na Bisie, wafundisheni vijana wetu ufundi, simameni na kamati hizo mbele ya wenye migodi. Nasi wasomaji, tusilime wala kuchimba juu ya chemchemi. Anayechafua maji Masisi anamnywesha tope ndugu yake wa Walikale.