Saa za Usiku Zina Mwenyewe: Kauli Kuhusu Kalamu, Ajira na Familia

Mshika mbili, walinena wahenga, moja humponyoka. Tangu nilipohitimu na kuajiriwa kufundisha Kiswahili katika shule ya upili, methali hii nimetupiwa mara zisizo na idadi. Nimetupiwa na mwalimu mkuu aliyenikuta nikihariri mswada wakati wa mapumziko ya chai, nimetupiwa na shemeji zangu, na hata na mhadhiri wangu mmoja wa zamani ambaye, ajabu ni kwamba, yeye mwenyewe alikuwa ameshika tano. Sikusudii kuikanusha methali hiyo hapa. Ninachodai ni kwamba sisi tuliosomea Kiswahili na tunaojaribu kugeuza ujuzi wetu kuwa biashara, iwe ya kutafsiri, kuhariri, kutunga au kusoma matangazo ya redio, tumekuwa tukijiuliza swali pungufu. Tunauliza muda tutautoa wapi. Sijasikia mtu akiuliza muda huo ni wa nani, wala mwenyewe analipwa nini.

Tuanze na mtu ambaye kila mwanafunzi wa fasihi anamjua nusunusu. Shaaban Robert (1909–1962) tunamsoma kama mwanafalsafa na baba wa nathari ya Kiswahili, ilhali ni nadra darasani kukumbushwa kwamba sehemu kubwa ya utu uzima wake aliipitisha akiwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, akianzia idara ya forodha mwaka 1926. Aliyeandika Kusadikika alikuwa na mwajiri, saa za kuingia ofisini na watoto wa kulea. Utenzi wa Hati alimwandikia binti yake, Utenzi wa Adili akamwandikia mwanawe wa kiume. Yaani familia ambayo kwetu huonekana kuwa kizuizi cha uandishi, kwake ilikuwa hadhira ya kwanza. Hata hivyo, tusiipambe picha hii kupita kiasi. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967 na Utubora Mkulima mwaka 1968, mwandishi akiwa amekwisha kuzikwa. Sifa zilimfuata hadi kaburini. Fedha, kama zilikuja, ziliwakuta wengine.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, ni imamu na malenga, na kwa miaka mingi riziki yake aliipata katika tanuri la mikate. Utenzi wake Wasiya wa Mabanati, alioutunga mwaka 1974 kuwaonya mabinti, ulienea Lamu na nje ya Lamu. Diwani ya tungo zake pamoja na tafsiri ya Kiingereza ilitolewa na wachapishaji wa Brill mwaka 2023, karibu nusu karne baadaye. Nikimtafakari mzee huyu huona jambo ambalo makongamano yetu hayalisemi: mkate ndio uliolipa deni, kwa hiyo shairi halikulazimika kulipa. Aliweza kumwambia msomaji wake alichoamini kuwa kweli kwa sababu hakuwa akimtegemea msomaji huyo kwa unga wa kesho. Basi kijana anayeacha kazi ya mshahara ili “awe mwandishi” na ajifikirie vyema. Pengine anachokiacha ndicho kinachoilinda kalamu yake.

Najua jawabu litakalonijia: mbona fulani ametajirika kwa kitabu teule? Kweli, wapo. Lakini tuhesabu. Fasihi ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ina vitabu teule vitatu: riwaya moja, tamthilia moja na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi, na vikishateuliwa hukaa kwa miaka kadhaa. Nchi nzima ya waandishi inatazama milango mitatu. Anayebaki nje ana mrabaha wa kawaida. Tuchukue kitabu kinachouzwa shilingi 500, mwandishi akipata asilimia 10, na nakala 400 zikauzwa kwa mwaka mzima. Hizo ni shilingi 20,000, na baada ya kukatwa kodi ya asilimia 5 anayotozwa mkaazi wa Kenya kwenye mrabaha, zinabaki 19,000. Sijazungumzia nakala zinazosambazwa bure kwa simu, mara nyingine na walimu wenzangu, wakiamini kwamba wanaisaidia lugha.

Kwa sababu hiyo wengi wetu tumekimbilia kazi za kuagizwa. Nami nilikimbilia. Mwaka 2009 nilipewa na shirika moja kijitabu cha mafunzo ya afya nikitafsiri kwa malipo ya mkupuo ya shilingi 18,000. Nilifurahi mno, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kiswahili changu kulipwa nje ya darasa. Nilifanya kazi kwenye meza ya kulia chakula, watoto wakishalala, tangu saa tatu hadi saa sita usiku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi na moja. Mama watoto aliwaogesha, akawalisha, akasimamia kazi zao za shule, kisha akawa akinyata kama mgeni nyumbani mwake ili asinikatize. Yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa. Siku niliyopokea malipo nilimkabidhi fedha zote kwa mbwembwe. Alizihesabu, akachukua kikokotoo alichokuwa akitumia kwa hesabu za chama chao cha akina mama, akabonyezabonyeza, kisha akaniuliza, “Baba watoto, unajua umelipwa shilingi 109 kwa saa?”

Sikujua. Nilikuwa nimehesabu maneno, nikahesabu kurasa. Saa sikuzihesabu kabisa, kwani niliamini saa za usiku ni za bure. Naye aliendelea bila hasira (na hilo ndilo lililoniuma): saa hizo 165 hazikuwa zangu peke yangu. Kila moja aliifanyia kazi mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo ili mimi niipate. Kama ningemlipa mtu wa nje kufanya aliyoyafanya yeye jioni hizo, zile 18,000 zingekwisha kabla kijitabu hakijafika katikati. Kwa maneno mengine, mteja alikuwa ameuziwa tafsiri kwa bei nafuu, na ruzuku ya bei hiyo ilitolewa na mke wangu.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Mizani kati ya biashara ya ubunifu, ajira na familia haianzii kwenye ratiba ya kubandikwa ukutani. Huanzia kwenye bei. Anayeuza kazi ya kalamu kwa bei ya kutupa hana budi kuifidia tofauti kutoka mahali fulani, na mahali penyewe aghalabu ni usingizi wake, vipindi vyake vya kesho asubuhi, au mwenziwe aliye jikoni. Wanafunzi wetu wa kike hawahitaji kuelezwa haya. Wengi wao watakapoanza biashara za aina hii hawatakuwa na mtu wa kunyata ili wao waandike. Watafanya kazi mbili kwa mikono miwili ileile, na tukiendelea kuizoesha jamii bei ya shilingi 109 tutawafungia mlango kabla hawajaufikia.

Kijitabu kile kilikuwa na mkia. Miaka minne baadaye mwanangu alikuja nacho kutoka shuleni, kikiwa kimechapishwa upya kwa jalada jipya, na jina langu halimo. Nilihamaki, nikatafuta mtu wa kunieleza sheria. Nilichoelezwa ndicho nilichopaswa kukijua kabla ya kushika kalamu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa kuiandaa huchukuliwa kuwa haki zake zimehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Hali ni hiyohiyo kwa kazi unayoifanya katika kutimiza majukumu ya ajira yako, jambo ambalo walimu na wahadhiri wanaoandika mwongozo wa somo kwa ajili ya taasisi zao wangefaa kulitafakari. Kinyume chake, riwaya uliyoiandika kwa hiari yako ni mali yako maisha yako yote, na warithi wako huimiliki kwa miaka 50 baada ya kifo chako. Sikuwa nimeibiwa, basi. Nilikuwa nimeuza shamba nikidhani nimekodisha jembe.

Tangu hapo tumebadilisha mengi, na nasema “tumebadilisha” kwa makusudi. Biashara tumeisajili kwa majina yetu mawili. Mke wangu ndiye mwenye daftari, na katika daftari hilo mna safu ya saa karibu na safu ya shilingi. Kazi haianzi kabla ya arubuni ya nusu ya bei kuingia. Mkataba, hata uwe wa ukurasa mmoja, hutaja mwenye haki za kuchapisha upya na mahali jina la mfasiri litakapowekwa. Ijumaa jioni na Jumapili hatugusi kazi ya mteja. Wateja tuliwapoteza, nisiwadanganye. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huu tulipata kazi tatu tu, na mara mbili nilitamani kuurudia ule wa zamani. Siku hizi kuna jaribu jipya: mteja huja na matini iliyotafsiriwa na mashine, akitaka “kusahihishiwa tu” kwa robo ya bei. Mara nyingi kuisahihisha matini ya namna hiyo hula muda kuliko kuitafsiri upya, kwa kuwa kosa la mashine huvaa nguo safi. Nasi hutoza kwa saa.

Limebaki jambo la kujiendeleza, ambalo huachwa nyuma kwa sababu halina wa kulililia. Mtoto akikosa kuonekana na babaye, hulia. Mwajiri akipunjwa, huandika barua. Kitabu usichokisoma hunyamaza rafuni. Katika miaka ile ya kukimbizana na vijitabu nilikaa karibu miaka miwili bila kumaliza riwaya hata moja. Nilipompelekea mwalimu wangu wa zamani hadithi fupi niliyoitunga, aliirudisha na neno moja pambizoni: “Vipeperushi.” Alikuwa sahihi. Wahusika wangu walikuwa wakizungumza kama maagizo ya kunawa mikono. Msamiati uliokuwa mtaji wangu ulikuwa umechakaa bila mimi kutambua, na mtaji ukichakaa hata bei uliyoipigania haiwezi kujitetea. Sasa nina saa moja kabla ya alfajiri ambayo haiuzwi. Husoma, mara nyingine ushairi wa kale unaonishinda nusu, na mara moja moja hufungua mswada wa riwaya yangu mwenyewe. Mswada huo una sura saba na umekuwa na sura saba kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Watakuwepo wanaodhani kwamba mazungumzo haya ya shilingi na saa yanaichafua sanaa. Ninawaelewa, lakini ninadhani wanachanganya mambo mawili. Shairi la kumliwaza jirani aliyefiwa halina bei wala halipaswi kuwa nayo. Tangazo la kampuni ya bima lina bei, na mtunzi anayelifanya bure kwa jina la kuipenda lugha anaipunguzia kampuni gharama tu. Kila mwanachama anapaswa kujua upi ni mkate wake na lipi ni shairi lake, na aliyeweza kutenganisha hayo ndiye huweza kumtungia jirani bila kinyongo.

Kwa hiyo nina lawama kidogo kwa chama hiki kilichonilea. Tangu katiba ya mwaka 2010 iliposema kwamba Kiswahili ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na zaidi tangu UNESCO ilipoitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, hotuba za “fursa za Kiswahili” zimekuwa nyingi. Nimezihudhuria. Tunaondoka ukumbini tukiwa tumejaa matumaini na hakuna hata mmoja wetu anayejua kuandika ankara. Katika miaka yangu minne chuoni nilifundishwa nadharia za tafsiri, na nazithamini hadi leo, ila sikuwahi kuonyeshwa mkataba wa mfasiri. Sidhani kuwa idara inahitaji kozi mpya kwa hilo. Chama kinaweza kuandaa kielelezo cha mkataba cha kurasa mbili, kikapitiwa na wenzetu wa kitivo cha sheria, pamoja na jedwali la bei za chini ambazo wanachama watakubaliana kutoshuka chini yake, wanaosoma na waliohitimu. Bila makubaliano hayo, ninayekataa shilingi 109 leo nitakuwa nimemwachia kazi hiyo mwanafunzi wangu wa jana.

Mkutano mkuu ujao ukinipa nusu saa, baada ya ripoti ya mweka hazina na kabla watu hawajaanza kutazama mlango wa kwenda kwenye chakula, nitakuja na ule mkataba wangu wa ukurasa mmoja ili ukosolewe. Mwenye daftari amekubali kuja nalo pia, mradi mkutano usiwe Jumapili.