JINO BOVU NA FATWA MBOVU

  

Ndugu Waislamu, yako maneno yanayotembea barazani na majumbani mwetu, kwamba Mwislamu haimfai kuziba jino. Wasemao hayo hutoa sababu tatu. Ya kwanza, kwamba kuziba ni kubadilisha umbo alilotuumbia Mungu. Ya pili, kwamba janaba haiondoki, kwa kuwa maji hayafiki chini ya kile kizibo. Ya tatu, kwamba ile dawa nyeupe ya siku hizi, yenye rangi ya jino lenyewe, ni pambo na udanganyifu. Basi hukata hukumu: jino likitoboka ling'olewe, mambo yaishe.

Mimi nayajua vyema maneno hayo, kwani nami niliyasema. Mwaka 2009, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja alinijia chuoni pamoja na binti yake wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wangu. Jino lake la mbele la juu lilikuwa na tundu. Daktari wa meno alikwisha waambia kwamba linazibika kwa dawa ya rangi ya jino. Yule mama akaniuliza, "Maalim, yafaa?" Sikufungua kitabu, wala sikumwuliza daktari neno. Nikajibu, "Haifai mama, ling'oeni." Likang'olewa.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mwalimu wa tajwidi. Miaka yote nawafundisha watoto kwamba herufi ya thaa, na dhali, na dhaa, hazitoki ila ncha ya ulimi iguse ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Na mimi huyo huyo ndiye niliyeamuru jino mojawapo la hayo mawili ling'olewe katika kinywa cha msomaji wangu bora! Tangu siku ile binti yule alisoma na ncha ya mtandio mdomoni. Zilipofika siku za Maulidi akaitwa asome, akakataa. Baadaye akaacha chuo. Nimekwisha muomba radhi, yeye na mama yake, nao wamenisamehe, Mungu awalipe. Lakini fatwa mbovu haifutiki kwa kuombana radhi nyumbani. Iliyosemwa hadharani hukanushwa hadharani, na hayo ndiyo niliyoyakusudia hapa.

Tuanze na umbo. Ni kweli, katika hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanawake wanaotenganisha meno yao kwa kutaka uzuri, wakabadilisha umbo la Mungu. Lakini mbona twaisoma nusu? Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi, katika sharhi yake ya Sahihi Muslim amebainisha kwamba kilichokatazwa ni kile kinachofanywa kwa ajili ya uzuri. Ama mwenye kuhitaji kwa tiba, au kwa aibu iliyomo katika jino, hapana ubaya. Basi je, tundu lililoliwa na uozo ndilo umbo la Mungu? Umbo la Mungu lilikuwa jino zima. Anayeliziba analirudisha karibu na lilivyokuwa, na anayeling'oa bila ya haja ndiye aliyelibadilisha, tena badiliko lisilo na marejeo.

La pili ni janaba. Hapa nasema kwa haya, maana wanaolisema ni watu waliosoma Safina utotoni. Katika madhehebu ya Shafi kusukutua kinywa ni suna, katika udhu na katika josho. Si faradhi. Kama kusukutua kwenyewe si faradhi, vipi kizibo cha jino kitabatilisha josho? Ama ndugu zetu Wahanafi, ambao kwao kusukutua katika josho la janaba ni faradhi, wanazuoni wao nao wametoa ruhusa: kilichowekwa kwa haja, na hakivuliki ila kwa taabu, maji yakipita juu yake yatosha. Na wenye kuogopa kwenda kwa daktari katika Ramadhani, wajue kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, ilikata kwamba kutoboa jino, kuling'oa na kulisafisha hakufunguzi, maadamu mtu amejihadhari asimeze kinachofika kooni.

La tatu ni ile rangi nyeupe. Sahaba Arfaja (R.A.) alikatwa pua vitani zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu, nayo dhahabu ni haramu kwa wanaume! Na Tirmidhi, baada ya kuipokea habari hiyo, ametaja kwamba wako wanazuoni waliofunga meno yao kwa dhahabu. Ikiwa dhahabu imeruhusiwa kwa haja, itakuwaje ikatazwe dawa isiyo dhahabu wala fedha? Nimeuliza na kujionea. Ni utomvu wa viwandani uitwao resini, uliochanganywa na unga laini wa kioo. Daktari huondoa uozo, husafisha, hupaka asidi kidogo ili jino lishike, huosha na kukausha, kisha huweka dawa tabaka baada ya tabaka, kila moja ikikaushwa kwa mwanga wa buluu kwa muda mfupi. Kazi hii ina msingi wake tangu mwaka 1955, Buonocore alipoonyesha jinsi asidi inavyolifanya jino lishikamane na dawa.

Kwani ile ya rangi ya fedha ndiyo ya ucha Mungu zaidi? Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezitaka nchi ziipunguze, na mwaka 2022 zikakubaliana isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hapana budi. Aliye nayo nzima asitaharuki wala asikimbilie kuitoa. Lakini asije mtu akamlaumu mwenziwe kwa kuchagua nyeupe.

Na wako watakaosema, "Hayo ni ya matajiri." Hapana. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza hapa hapa Tanzania, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, njia ya kuziba jino kwa vyombo vya mkono tu, bila ya mashine wala umeme. Uozo hukwanguliwa, tundu likazibwa kwa simenti ya meno. Siku hizi hutumiwa simenti yenye unga wa kioo, ambayo rangi yake nayo ni karibu na ya jino. Tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu. Dunia imejifunza kwetu, nasi bado tunabishana barazani!

Lakini wasifurahi mno wa upande wa pili. Yule anayelikwangua jino zima, lisilo na uchungu wala tundu, ili apate weupe wa watu wa sinema, huyo aiogope ile hadithi ya Ibn Mas'ud. Gamba la jino likikwanguliwa halioti tena. Baina ya tiba na majivuno upo mpaka, na tulioruhusu tiba hatukuufuta.

Enyi wazazi, neno la mwisho ni lenu. Mtume (S.A.W.) alihimiza mswaki hata akasema lau si kuchelea kuutaabisha umma wake angeliuamrisha kwa kila sala. Nasi mswaki tunao mfukoni, na mezani pana haluwa, kashata, soda, na chai ya sukari vijiko vinne, asubuhi hadi usiku. Vijidudu vya kinywani huila sukari hiyo vikatoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa. Tena mjue kwamba gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, na wengi huliacha lioze wakidhani litang'oka liote jingine. Haliotiwi na jingine. Mtazameni mtoto kinywani leo usiku kabla hajalala.

Mkiona tundu, mpelekeni kwa daktari wa meno, mwulizeni kama linazibika. Likizibika, lizibeni. Na akija mtu kuwaambia haifai, mwulizeni kitabu gani. Mimi sikuulizwa, na laiti ningeliulizwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya elimu, na atujaalie kuhifadhi amana zake. Amin.