Tuchague Kisa Tutakachokimaliza
Meza yetu ya Dungeons & Dragons imebakiwa na Ijumaa kumi tu, kisha wenzetu wawili wanahitimu. Mwaka jana tuliacha kisa katikati. Waliohitimu hutuuliza mpaka leo kiliishaje, nasi hatuna jibu. Safari hii wengi walitaka Curse of Strahd, kitabu cha 2016 chenye ngome, ukungu na mnyonya damu. Ni kitamu, lakini humtoa mchezaji ngazi ya 1 hadi ya 10. Tumechagua Lost Mine of Phandelver cha 2014: huanza kwa kusindikiza gari la maksai na kuishia ngazi ya 5. Wanaojifunza Kiswahili watapata pa kuuliza njia na kupatana bei. Dadu tunazo, njooni na majina ya wahusika wenu, tumalize pamoja.