Chujio la Maji Nalo Lahitaji Mlinzi

Askari amezoea kumkabili adui mwenye silaha. Hata hivyo yuko adui mwingine, asiyeonekana, ambaye huingia kambini kwa njia ya kikombe cha maji. Mwaka 1892 kipindupindu kiliuvamia mji wa Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji jirani wa Altona, uliotumia maji ya mto ule ule wa Elbe, ulisalimika kwa sehemu kubwa. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja.

Funzo hilo latuhusu sisi wa Uganda Magharibi. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yamewapokea wakimbizi kutoka Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na maji yao yamekuwa yakisukumwa kutoka Ziwa Nakivale. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, imeutegemea mto Rwizi kwa miaka mingi. Rwizi huo huo, ukishapita Mbarara, huelekea mashariki kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale.

Chujio la mchanga, sawa na lile linalosafisha mabwawa ya kuogelea hotelini, halina miujiza. Kwanza maji hutiwa shabu ili chembe za tope zishikamane na kutuama. Kisha hupitishwa katika mchanga, unaonasa zilizosalia. Mwisho hutiwa klorini. Maji yakibaki na tope, klorini hupotea bure, kwa kuwa vijidudu hujificha ndani ya chembe hizo.

Mlinzi wa mtambo hana budi kuzijua dalili. Mshale wa kipimo cha mgandamizo ukipanda kwa nusu baa hivi kupita hali ya usafi, mchanga umeziba. Hapo pampu husimamishwa kabla vali haijageuzwa, kisha maji safi hupitishwa kutoka chini kwenda juu mpaka yatoke meupe. Maji ya kwanza baada ya kazi hiyo humwagwa. Mgandamizo ukishuka, huenda mdomo wa bomba la kuvuta maji umezibwa na majani. Mchanga ukionekana bombani, mabomba ya chini ya chujio yamevunjika. Na maji yakitoka na tope hata baada ya kuoshwa kwa mchanga, ama kipimo cha shabu si sahihi, ama mchanga umefanya mifereji na yafaa ubadilishwe.

Lakini tusijidanganye. Chujio laweza kuoshwa kila siku na bado likashindwa, ikiwa mto wenyewe unaharibiwa. Kingo za Rwizi zimelimwa, vinamasi vyake vimekaushwa, na mchanga wake umechimbwa kwa ajili ya ujenzi. Ni ajabu kwamba mchanga unaosafisha maji ndani ya chujio, ukichimbwa mtoni ovyo, ndio unaoyachafua. Kila mvua inyeshapo, tope huongezeka, shabu hutumika zaidi, na gharama humwangukia mwananchi na mkimbizi pamoja.

Hapo ndipo wajibu wa vyombo vya ulinzi unapoonekana. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inazilinda kingo za mito na vinamasi, na polisi wanayo mamlaka ya kuisimamia. Yapasa itekelezwe kwa haki: asikamatwe mwenye koleo peke yake huku mwenye lori akiachwa apite. Wanajeshi nao, waliomo katika kambi zinazotumia maji hayo hayo, waanze kwao wenyewe: wasilime ukingoni, wala wasioshe magari mtoni.

Askari wa zamu akipita penye mtambo wa maji, na autazame mshale ule kama atazamavyo lango la kambi. Nyuma yake wamelala watoto wa makabila na mataifa mengi, na afya yao ni sehemu ya amani aliyoapa kuilinda.