MAARIFA YA FUNDI: Bunduki Ikwamayo na Vumbi la Miasenyi

Msomaji wetu mmoja wa Miasenyi, mtunza ng'ombe katika shamba la mifugo, ametuletea swali. Asema kwamba anayo bunduki ya marisau kwa cheti cha serikali, nayo ni ya namna ile ya kukokiwa kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, ambayo wengine huiita bunduki ya pampu. Siku hizi kishikio kimekuwa kizito. Huenda nusu ya njia kikakwama, na pengine ganda la risasi iliyokwisha pigwa hukataa kutoka. Kila Jumapili huitia mafuta, lakini kadiri aitiavyo ndivyo izidivyo uzito. Auliza kama yafaa achukue tupa akwangue vyuma vinavyosuguana.

Jawabu letu ni fupi: tupa na aiweke mbali. Kwa jinsi aelezavyo, ugonjwa wa bunduki yake si uchache wa mafuta, bali ni wingi wake.

Kila asafiriye kutoka Mombasa kwenda Voi, akiisha pita Mackinnon Road na kabla hajafika Maungu, huiona ardhi ya Miasenyi ilivyo nyekundu. Vumbi lile lile linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi nyekundu ndilo linaloingia katika bunduki ya mtu apandaye pikipiki au gari katika njia za shamba. Vumbi likikuta chuma kikavu hupanguswa likaondoka. Likikuta mafuta mengi, huchanganyika nayo likawa tope, na tope hilo lina chembe za mchanga zinazokwangua chuma kila kishikio kivutwapo. Atiaye mafuta juu ya tope haondoi tope, aliongeza tu.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya bunduki hii. Namna yake ni ya zamani: kiwanda cha Winchester cha Marekani kilitoa mojawapo iliyo mashuhuri, iliyobuniwa na John Browning, mwaka 1897, na Remington wakatoa ile yao ya 870 mwaka 1950. Kishikio cha mbele huteleza juu ya bomba lililo chini ya mtutu, ambamo risasi za akiba hukaa. Kimeungwa na fito za chuma zinazokwenda nyuma mpaka kwenye komeo, yaani chuma kile kinachofunga nyuma ya mtutu. Ukivuta kishikio, komeo hufunguka na kurudi nyuma, na ukucha wake hulivuta ganda likatupwa nje. Ukisukuma, risasi nyingine huingizwa na komeo hujifunga. Kwa hiyo mahali pa kukwama ni pachache, na kila pahali pana dalili yake.

Kabla ya jambo lolote, bunduki na itolewe risasi zote. Hapa hatutaki haraka. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu wala nyumba, na kidole kikae mbali na kifyatulio. Toa risasi zote zilizo katika bomba na ile iliyo katika mtutu. Watu wengine huvuta kishikio mara moja, wakaona risasi moja imetoka, wakadhani bunduki ni tupu. Kumbe bomba bado lina nyingine, na kishikio kikirudi mbele nayo huingia mtutuni. Tazama kwa macho, kisha papasa kwa kidole chumba cha risasi na mlango wa bomba. Halafu peleka risasi zote katika chumba kingine, na watoto wasiwepo hapo ufanyapo kazi. Iwapo risasi nzima imekwama isitoke, usiigonge wala kuichokoa: weka mtutu upande wa salama, watu wakae mbali, ukamwite fundi mwenye idhini.

Sasa tazama kama kweli imekwama. Bunduki ya namna hii ikiisha kokiwa, komeo hujifunga, na kishikio hakivutiki mpaka bunduki ipigwe au kibonyezo cha kufungulia kibonyezwe. Katika Remington 870 kibonyezo hicho kiko mbele ya kikingio cha kifyatulio. Katika Mossberg 500 kiko nyuma yake. Wako watu waliovunja vyuma kwa kulazimisha kitu kilichokuwa kimefungwa tu, kama mtu avunjaye mlango na ufunguo u mfukoni.

Ikiwa si hivyo, sukuma na vuta polepole bunduki ikiwa tupu, usikilize kwa mkono. Ikiwa nzito mwendo wote, na yasikika kama kusaga mchanga, basi tope limo katika fito na juu ya bomba. Ikiwa laini wakati ni tupu, lakini ganda hugoma baada ya kupiga, basi kosa limo katika chumba cha risasi, au katika risasi zenyewe. Ikiwa hugota daima mahali pamoja, kwa nguvu, huenda ufito umepinda au bomba limebonyea. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Kwa tope, dawa ni kusafisha. Fungua bunduki kama kijitabu cha mtengenezaji kielezavyo, usipite hapo. Angalia parafujo la mbele la bomba, maana nyuma yake mna springi iliyobanwa, nayo huweza kuruka ikakupiga jicho. Futa vyuma kwa kitambaa kikavu kwanza. Kisha chukua brashi ndogo na mafuta ya taa kidogo, ukasugue fito, mifereji zipitamo, komeo, na bomba kwa nje. Fanya kazi hiyo nje ya nyumba, mbali na jiko, taa na sigara. Mafuta ya taa yasiguse mbao za kitako. Futa tena mpaka kitambaa kitoke cheupe, na vyuma vikauke kabisa.

Ndipo utie mafuta ya bunduki, na hapa ndipo penye siri. Tone moja juu ya kila ufito na tone moja juu ya komeo yatosha. Yatandaze kwa kitambaa, kisha pangusa kana kwamba wataka kuyaondoa. Utando ubakio ndio utakiwao. Mafuta ya kupikia hayafai, maana hukauka yakawa gundi. Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini yana masizi na vumbi la chuma. Nayo grisi nzito, katika nchi ya vumbi, ni mtego wa mchanga.

Kwa ganda linalogoma, safisha chumba cha risasi kwa mdeki wenye brashi ya shaba. Maganda ya plastiki huacha mabaki yake hapo, na unyevu huleta kutu. Vyote viwili humshika mgeni aingiaye. Zungusha brashi, futa, na pakauke: chumba hicho kisiachwe na mafuta mengi, wala risasi zisipakwe mafuta. Risasi iliyovimba kwa unyevu au yenye kutu isitumiwe kamwe.

Liko na kosa la mkono. Wengi huvuta kishikio kwa woga, wasikifikishe mwisho. Ganda likabaki njiani na risasi ya pili ikalifuata. Kishikio na kivutwe mpaka mwisho, kisha kisukumwe mpaka mwisho. Nayo bunduki mpya huwa ngumu kwa sababu vyuma havijazoeana. Ikokiwe mara nyingi ikiwa tupu na safi, nayo itajilainisha. Kuijaribu nyumbani kwa risasi za kweli ni hatari, hata kama kifungo cha usalama kimefungwa.

Tupa na msasa huondoa chuma kisichorudi. Ukikwangua mahali panapofunga komeo, bunduki yaweza kufunguka wakati baruti inawaka, karibu na uso wako. Kazi ya namna hiyo ni ya fundi aliyeandikishwa. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, atengenezaye bunduki kwa malipo lazima awe ameandikishwa na serikali. Kwa hiyo mhunzi wa sokoni, hata awe hodari namna gani, asipewe.

Twamkumbusha ndugu yetu jambo moja zaidi, kwa kuwa jirani zake ni ndovu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na marisau hayamwangushi ndovu. Humtia jeraha na hasira, na atakayelipa ni mtu atakayekutana naye kesho njiani. Ndovu wakiingia shambani, habari ipelekwe kwa askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ambao makao yao ya Tsavo Mashariki yako Voi.

Kazi ikiisha, bunduki isiwekwe katika mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Iwekwe tupu, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi zifungiwe mbali. Basi ndugu wa Miasenyi, Jumapili ijayo acha chupa ya mafuta kabatini, uanze na kitambaa kikavu.