Kosa si la matumbo, ni la jikoni

Taja neno matumbo mbele ya watu kumi jijini Nairobi na utaona nyuso za aina mbili. Kuna wale watakaomeza mate kwa kukumbuka sahani ya matumbo na chapati kwenye kibanda cha jirani, na kuna wale watakaokunja pua kana kwamba umewatajia takataka. Hawa wa pili wanazidi kuwa wengi, hasa miongoni mwa vijana. Mtoto aliyelelewa kwa matumbo, pengine akalipiwa karo na mama mwenye kuyauza, akishafika chuo kikuu huona haya kuyaagiza mbele ya wenzake. Heri anunue vibanzi kwa deni.

Ndipo juma hili nikaona tuyatazame matumbo kupitia jiko la watu wengine kabisa, yaani Wachina. Taifa hilo halitupi sehemu hata moja ya ng'ombe, na wala haliombi msamaha kwa hilo.

Hivi majuzi niliandamana na mama watoto, binti yetu aliye katika shule ya sekondari, pamoja na mpwa wangu, hadi mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani. Mpwa wangu ni mmoja wa vijana wengi wanaojifunza Kichina tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kifungue Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika, mwaka 2005. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

Mkahawa wenyewe unajulikana kwa jiaozi. Hizi hutengenezwa kwa unga wa ngano unaosukumwa vyapati vidogo vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, vikatiwa nyama iliyosagwa na kabichi, vikakunjwa mfano wa mwezi mchanga na kuchemshwa. Kwetu sisi jamaa yake wa karibu ni sambusa, ila hii haiogelei kwenye mafuta. Kaskazini mwa China, familia huketi pamoja usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa Kichina kuzikunja na kuzila, na umbo lake hufananishwa na vipande vya fedha vya zamani ili mwaka uwe wa neema. Ni chakula cha kale mno. Huko Turpan, magharibi mwa China, jiaozi zilizokauka zilifukuliwa katika makaburi ya enzi ya Tang, iliyotawala kuanzia mwaka 618 hadi 907.

Lakini jiaozi tuliziagiza ili zisindikize tu. Mpwa wangu alikuwa ameniambia mapema, "Mjomba, katika orodha yao ya vyakula matumbo yako ukurasa wa mbele. Hayakufichwa huko nyuma." Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Kabla sijakueleza tuliyokula, kumbuka kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Cha kwanza na kikubwa zaidi kina vinyweleo kama taulo. Cha pili kina vijitundu kama sega la nyuki. Cha tatu kina kurasa nyembamba zilizopangana kama kitabu. Cha nne ni laini, na ndicho kinachofanana zaidi na tumbo la binadamu. Kwetu vyote hukatwakatwa na kutiwa sufuria moja. Mchina huvitenga, kila kimoja kina jina lake na mapishi yake. Kile cha kurasa hukiita "kurasa mia", na kile cha sega, watu wa kusini hukiita "tumbo la sarafu za dhahabu". Hebu linganisha majina hayo na dharau zetu!

Sahani ya kwanza ililetwa ikiwa baridi. Ilikuwa na vipande vyembamba vya matumbo, ulimi na moyo wa ng'ombe, vimelowa mafuta mekundu ya pilipili na kunyunyiziwa njugu na dhania. Juu yake mlikuwa na huajiao, punje ndogo ambazo si pilipili manga wala pilipili hoho, bali ni za jamii ya mlimau na mchungwa. Punje hizo hutia midomo ganzi kwanza, ndipo ukali wa pilipili unapofuata. Binti yangu, ambaye nyumbani hula matumbo kwa kulazimishwa, alionja kipande kimoja kwa tahadhari, kisha cha pili, kisha akaisogeza sahani upande wake.

Chakula hicho huitwa fuqi feipian, maana yake "vipande vya mapafu vya mume na mke". Asili yake ni mji wa Chengdu katika jimbo la Sichuan. Miaka ya 1930, mume aitwaye Guo Zhaohua na mkewe Zhang Tianzheng walikuwa wakichuuza mitaani vipande vya nyama ambavyo wenye uwezo hawakuvitaka. Husimuliwa kwamba jina lilitokana na mchezo wa maneno, kwani kwa Kichina neno fei la mapafu hutamkwa sawa na neno la kitu kilichotupwa. Siku hizi mapafu kwa kawaida hayamo kabisa, lakini jina limebaki, na kile kilichokuwa chakula cha wachuuzi kimekuwa fahari ya jimbo zima.

Sahani ya pili ilikuwa ya zile kurasa mia. Zilikatwa nyembamba, zikatumbukizwa katika maji yanayotokota na kuopolewa baada ya sekunde chache, kisha tukaletewa na bakuli la ufuta uliosagwa. Meno yakizifikia hutoa mlio kama wa kutafuna tango. Hii ni kawaida ya Beijing, ambako huitwa baodu. Wauzaji wake mashuhuri ni Waislamu wa kabila la Hui, nao wamekuwa katika biashara hiyo tangu enzi ya wafalme wa Qing, iliyoanguka mwaka 1912.

Mpwa wangu alitueleza kwamba huko Chongqing sufuria ya mchuzi mkali huwekwa katikati ya meza ikichemka, na kila mtu hupika kipande chake mwenyewe kwa vijiti. Kanuni yao ni "mara saba juu, mara nane chini", yaani unakichovya na kukiinua kwa muda wa sekunde 15 hivi. Ukizidisha umekiharibu. Mapishi hayo nayo husemekana yalianzia kwa mabaharia na wapagazi wa kando ya mto, waliokuwa wakila sehemu za ng'ombe zilizokuwa rahisi kununua.

Sahani ya tatu ilikuwa tumbo la sega, mapishi ya Guangdong huko kusini. Hili lilikuwa limechemshwa kwa moto mdogo muda mrefu pamoja na tangawizi na viungo, likamalizwa kwa mvuke. Vile vijitundu vilikuwa vimejaa mchuzi, na nyama yenyewe ilikatika kwa vijiti bila kisu. Mama watoto alitafuna kimya kimya, kisha akasema, "Baba Njeri, hii nyama si ngeni kwangu. Ni subira yao tu iliyo ngeni."

Msomaji, hapo ndipo penye somo lenyewe. Matumbo yana nyuzi ngumu ambazo zikipata moto hujikaza. Kurasa nyembamba zikiopolewa baada ya sekunde chache, nyuzi hazijawahi kujikaza, hivyo utatafuna kwa raha. Ukiyaacha matumbo kwenye moto mdogo kwa saa mbili au tatu, nyuzi hizo huyeyuka na kuwa laini kama ute. Matatizo yako katikati. Yule anayeyachemsha nusu saa kwa haraka, akayakaanga na nyanya na kuyapakua, amewapa watoto kandambili watafune. Kisha wakiyakataa, lawama humwendea ng'ombe! Wengi wanaosema hawapendi matumbo hawajawahi kuyala yakiwa yameiva.

Hata hivyo, usikimbilie kuiga zile sekunde chache jikoni mwako. Matumbo ya mikahawa hiyo huwa yamesafishwa na kuandaliwa mahsusi kwa kazi hiyo. Haya ya bucha zetu yahitaji kuchemshwa barabara. Fuata njia ya pili, ile ya subira.

Chukua kilo moja ya matumbo. Yasugue kwa chumvi, unga kidogo wa ngano na siki, uyaoshe mpaka maji yawe safi. Yachemshe dakika kumi na vipande vya tangawizi, kisha umwage maji hayo pamoja na harufu yake. Tia maji mapya, tangawizi, kitunguu saumu na kijiti cha mdalasini, uyaache kwa moto mdogo hadi uma upenye bila kusukuma. Yakishapoa yakate membamba. Changanya sosi ya soya, siki kidogo, kitunguu saumu kilichopondwa na chembe za sukari. Pasha mafuta vijiko vitatu, yamimine juu ya pilipili kavu iliyosagwa, kisha changanya vyote. Malizia kwa dhania na njugu zilizokaangwa. Huenda vizuri na chapati, na hata na ugali.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwa ndugu zetu Waislamu. Katika mikahawa mingi ya Kichina, nyama ya kujaza jiaozi aghalabu ni ya nguruwe, na tumbo la nguruwe pia hupikwa. Uliza kabla ya kuagiza. Wazazi wenye watoto wanaosomea China wawaambie watafute mikahawa yenye maandishi ya qingzhen. Hiyo ndiyo ya Waislamu, na mara nyingi vibao vyake ni vya kijani.

Ya pili ni ya afya. Gramu 100 za matumbo mabichi zina takriban gramu 12 za protini na gramu 4 tu za mafuta, hivyo ni chakula cha maana kwa anayekua na kwa mwanafunzi asiye na pesa za kununua nyama ya paja. Lakini zina pia miligramu 120 hivi za kolesteroli, na wenye ugonjwa wa jongo hushauriwa na madaktari wapunguze nyama za viungo vya ndani. Kula kwa kiasi.

Tulipoletewa hesabu, sahani moja ndogo ya matumbo ilikuwa na bei ya kupita kilo nzima ya matumbo mabichi katika soko la Burma. Hakuna aliyelalamika mezani, hata binti yangu. Nami nawauliza vijana wetu: je, kitu hubadilika kuwa chakula cha heshima kwa sababu kimeliwa kwa vijiti? Mama anayeinama juu ya karai lake tangu alfajiri akisugua matumbo, ili mtoto wake asome, anafanya kazi ileile iliyomletea sifa Guo Zhaohua na mkewe. Ukipita kwenye kibanda chake na marafiki wako, mwamkue kwa adabu na uketi, uagize bila kunong'ona.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Jaribu ya Wachina, yafurahie, lakini ya kwenu usiyaonee haya. Jumapili njema.