Siti Nne Tupu Kwenda Nyamwaga

Hapa Bomani, mjini Tarime, mwenye gari akionekana amepanda la mwenzake, watu huanza kuulizana: benki imelichukua, au injini imekufa? Tumeaminishana kwamba kuendesha peke yako ndiyo heshima. Heshima hiyo tunailipia sheli, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hututangazia bei yake mpya.

Tangu halmashauri ya wilaya ihamishie makao yake Nyamwaga, wapo watumishi wanaolala mjini na kufanya kazi huko. Asubuhi magari yao hufuatana barabara ileile, kwenda ofisi zilezile, saa ileile, kila moja na mtu mmoja na siti nne tupu. Jioni msafara hurudi vivyo hivyo. Na hawa si wageni kwa wageni. Wanachangiana harusi na misiba, wanajuana mpaka idadi ya ng'ombe. Shambani Wakurya wana risaga: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Jembe likigeuka usukani, ujirani unaishia getini.

Wapo watakaosema nataka kuwarudisha kwenye mchomoko. Sitaki. Probox ya Sirari inayobana wanne nyuma, wawili kando ya dereva na wengine kwenye buti inauza hatari kwa bei ya nauli. Ila wenye mchomoko wana akili moja tunayoidharau: hawachomi mafuta kwa ajili ya siti tupu.

Hoja ninayoiheshimu ni ya sheria. Gari la namba ya njano haliruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Biashara hiyo ina leseni yake LATRA na namba yake nyeupe. Sawa, basi pesa zisiguswe kabisa. Watumishi wanne wenye magari manne waendeshe kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Wiki tatu zinazobaki gari lake lilale nyumbani na matairi yapumzike. Hapo hakuna nauli wala abiria wa kulipishwa.

Mtoto akiugua ghafla je? Bodaboda zipo, na nauli ya siku hiyo moja haiwezi kufikia mafuta ya wiki tatu. Atakayechelewa asubuhi aachwe mara moja tu, ataamka.

Imebaki hofu ambayo hakuna anayeitaja hadharani: umbea wa garini. Huo upo ofisini tayari, tena unakula saa za serikali.